Hesabu ya Geti: Kumsaidia Mwanafunzi wa Ufundi Aelewe Uchumi wa Biashara

Kijana anayejiunga na chuo cha ufundi stadi kusomea uchomeleaji, ushonaji, useremala au upishi huwa amefuata kazi ya mikono. Somo la biashara analikuta kwenye ratiba limebanwa katikati ya vipindi vya karakana, na wengi hulivumilia tu ili wapate cheti. Anakariri maana ya mahitaji na ugavi, vyanzo vya mtaji na sifa za mjasiriamali, anaviandika kwenye mtihani na anafaulu. Mwaka mmoja baada ya kumaliza, fundi huyohuyo mwenye mkono mzuri kuliko wenzake anashindwa kulipa pango la fremu, wala haelewi fedha zimepotelea wapi, maana kazi zilikuwa zikija.

Naandika kwa ajili ya kijana huyo, mwalimu wake, na mzazi anayemlipia ada. Uwezo wa kuelewa uchumi wa biashara anao. Shida ni kwamba somo huanzia mbali naye. Likianzia kwenye kitu anachokitengeneza mwenyewe, kwa bei za duka analolijua, dhana za kitabuni humfuata pale alipo. Likianzia kwenye fasili, hubaki kwenye daftari la mtihani.

Wakati wa kulisema hili ni sasa. Mtaala mpya wa sekondari wa Tanzania umelifanya somo la Elimu ya Biashara kuwa la lazima, na tangu Januari 2024 mkondo wa amali umeanza kuwapeleka wanafunzi kwenye ufundi wakiwa bado kidato cha kwanza. Huko nyuma kazi hiyo ilikuwa hasa ya vyuo vya VETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vyuo vingine vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Sasa maelfu ya walimu watalishika somo hili kwa mara ya kwanza, na namna watakavyolianza ndiyo itakayoamua kama litawafaa vijana au litawachosha.

Nionyeshe ninachomaanisha kwa geti dogo la kuingilia watu, la aina inayoagizwa mitaani kila wiki. Bei nitakazotaja ni za mfano. Kila darasa liziondoe na kuweka za mji wake, na kazi hiyo ya kuzitafuta ni sehemu ya somo.

Tuseme vyuma, yaani skwea paipu na flati baa, vimegharimu shilingi 148,000. Vijiti vya kuchomelea 14,000. Bawaba na kitasa 22,000. Rangi na tina 16,000. Diski ya grenda 6,000. Guta la kubeba mzigo 10,000. Jumla ni 216,000. Mteja analipa 280,000. Muulize mwanafunzi yeyote fundi amepata faida kiasi gani, atajibu haraka: 64,000. Jibu hilo ndilo linalofunga karakana nyingi, na hapo ndipo mwalimu aanzie.

Saidia fundi amefanya kazi siku mbili kwa 10,000 kila siku. Ondoa 20,000, imebaki 44,000. Pango la fremu ni 60,000 kwa mwezi, umeme 40,000, mchango wa mlinzi 20,000. Mashine ya kuchomelea ilinunuliwa 480,000 na tunatarajia idumu miaka minne, kwa hiyo kila mwezi inakula 10,000 ya thamani yake. Grenda ya 120,000 ikidumu miaka miwili inakula 5,000 kwa mwezi. Hizo zote ni 135,000 kila mwezi, geti litengenezwe au lisitengenezwe. Mafundi sita wakikaa kwenye benchi na kuambiwa wazigawe kwa idadi ya mageti, wataona wenyewe kinachotokea. Kwa mageti sita kwa mwezi, kila geti linabeba 22,500, na fundi anabakiwa na 21,500 kwa siku mbili za kazi. Hiyo ni 10,750 kwa siku, karibu sawa na saidia wake. Kwa mageti matatu, kila moja linabeba 45,000, na fundi ameingia hasara ya 1,000 kwa kila geti kabla hajajilipa hata senti kwa jasho lake.

Darasa likifika hapo, mwalimu hana tena shida ya kueleza tofauti ya gharama zinazobadilika na zisizobadilika. Wanafunzi wameshaiona, wanachohitaji ni jina lake. Hana shida pia ya kueleza kiwango cha mauzo kinachorudisha gharama: kila geti linachangia 44,000, mzigo wa mwezi ni 135,000, kwa hiyo mageti matatu hayatoshi na la nne ndilo linaloanza kumlipa fundi. Uchakavu wa mitambo, ambao kitabuni ni kipengele kigumu cha uhasibu, hapa ni grenda iliyoungua na fundi hana fedha ya kununua nyingine.

Kisha aje mteja anayeomba apunguziwe. "Fundi, nifanyie 250,000, mimi ni jirani." Punguzo ni 30,000, karibu asilimia 11 ya bei, na kwa macho linaonekana dogo. Lakini mchango wa kila geti umeshuka kutoka 44,000 hadi 14,000, na sasa fundi anahitaji mageti kumi kwa mwezi ili arudishe tu gharama alizokuwa akizirudisha kwa manne. Sijui mfano mwingine unaomshtua kijana wa ufundi kama huu, kwa sababu amekwisha kuliona punguzo hilo likitolewa mara nyingi, na pengine amelitoa mwenyewe. Simaanishi kwamba asipunguze kamwe. Mteja akiagiza mageti matano kwa mpigo, au vyuma akavileta mwenyewe, hesabu inabadilika. Ila apunguze akiwa amehesabu.

Mfano huu unahamishika. Mwanafunzi wa ushonaji aufanye kwa sare ya shule, akihesabu uzi, vifungo, mkaa wa pasi na siku ambazo cherehani kimekaa bure baada ya msimu wa Januari kupita. Wa upishi aufanye kwa sahani ya wali maharage, akianza kwa kupima kwa mizani mchele unaoingia kwenye sahani moja, jambo ambalo mama lishe wengi hawajawahi kulifanya. Hapa niwaambie wasichana hasa: nimeona mara nyingi wanaoshona na kupika wakisahau kuhesabu muda wao wenyewe, kana kwamba kazi waliyojifunza nyumbani haina bei. Ina bei. Saa tatu za kutarizi ziandikwe kwenye gharama kama zinavyoandikwa saa tatu za fundi umeme.

Ili haya yawezekane, mwalimu wa biashara na mwalimu wa karakana lazima wakae pamoja. Vyuoni wawili hawa wanaweza kufundisha darasa lilelile muhula mzima bila kuulizana kinachoendelea. Wakikubaliana mambo mawili tu, somo litabadilika. La kwanza, hakuna kazi inayotoka karakana bila karatasi ya gharama iliyojazwa na mwanafunzi aliyeitengeneza, hata kama ni stuli ya mazoezi. La pili, chuo kikipokea oda kutoka nje, wanafunzi washirikishwe tangu makadirio, oda ya manunuzi, ankara, hadi stakabadhi. Stoo ya chuo ni darasa zuri la biashara lisilotumika: kadi zake zinaonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki, na mwanafunzi akipewa zamu ya kumsaidia mtunza stoo kwa wiki moja atajifunza mengi zaidi kuhusu upotevu wa mali kuliko atakavyojifunza kwa mhadhara.

Hesabu yenyewe huwatisha wengi. Wapo waliomaliza darasa la saba au kidato cha nne wakiwa hawajaelewana na asilimia, na aibu huwafanya wanyamaze. Mwalimu asiruke hapo. Mfano mmoja unatosha kuonyesha kwa nini. Shati limegharimu 20,000 na linauzwa 25,000. Faida ni asilimia 25 ya gharama, lakini ni asilimia 20 tu ya bei ya kuuzia. Mshonaji asiyejua tofauti hiyo anaweza kutangaza punguzo la asilimia 25 akidhani anarudi kwenye gharama yake, kumbe anauza kwa 18,750 na kupoteza 1,250 kwa kila shati. Watumie kikokotoo cha simu, hakuna ubaya, ila kabla ya kubonyeza wakisie jibu kwa sauti. Anayekisia kwanza hugundua haraka simu inapomletea namba isiyowezekana kwa sababu amekosea sifuri moja.

Walimu wengine huniambia muda hautoshi kufundisha uhasibu kamili. Nadhani hautakiwi utoshe. Mwaka 2014 Alejandro Drexler, Greg Fischer na Antoinette Schoar walichapisha utafiti waliofanya Jamhuri ya Dominika kwa wafanyabiashara wadogo, wateja wa benki ya ADOPEM. Kundi moja lilifundishwa misingi ya kawaida ya uhasibu. Jingine lilifundishwa kanuni chache rahisi za kuendesha fedha, hasa namna ya kutenganisha fedha ya biashara na ya nyumbani. Waliofundishwa kanuni rahisi ndio walioboresha utunzaji wao wa kumbukumbu na uendeshaji wa biashara. Wale wa uhasibu wa kawaida hawakutofautiana kwa kiasi cha kuaminika na watu ambao hawakufundishwa chochote. Washiriki wote walikuwa na biashara tayari na hawakuwa wanafunzi, lakini funzo linatugusa: daftari jepesi linalojazwa kila siku lina thamani kuliko mfumo mkubwa unaoachwa wiki ya pili.

Kwa hiyo mwanafunzi aanze na daftari lenye safu tano: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka, baki. Anayedaiwa aandikwe ukurasa wa nyuma. Laini ya simu ya biashara iwe tofauti na ya nyumbani, maana siku hizi fedha nyingi za fundi hupitia kwenye simu, na taarifa ya miamala ya mwezi humwonyesha alichosahau kuandika. Advansi ya mteja isiitwe mauzo mpaka kazi ikamilike. Hiyo ni fedha ya vyuma vya mteja huyo, na fundi anayeila ndiye anayetafuta advansi ya mteja wa pili ili anunue vyuma vya wa kwanza. Na fundi ajipangie kiasi cha kujilipa kila wiki, akichukue kama mshahara na kukiandika.

Kumbukumbu hizi zina kazi hata mbele ya serikali. Kwa miaka mingi jedwali la TRA la kodi ya makadirio kwa wafanyabiashara wadogo limekuwa likimtofautisha mwenye kumbukumbu na asiye nazo. Mwenye daftari hukadiriwa kwa mauzo yake. Asiye nalo hupangiwa kiwango. Mwalimu alilete jedwali la mwaka huu darasani, na kila mwanafunzi atafute mstari wake kwa mauzo anayotarajia.

Utafiti wa pili unaonikaa moyoni ulifanyika Lomé, Togo, kwa wenye biashara ndogo 1,500, na matokeo yake yalitoka mwaka 2017. Baadhi walipata mafunzo ya kawaida ya biashara. Wengine walifundishwa tabia: kuanzisha jambo bila kungoja kuambiwa, kutazama mbele, kujitofautisha na jirani, kuendelea kikwazo kinapotokea. Faida ya hawa wa pili iliongezeka kwa asilimia 30 kuliko wasiofundishwa. Ongezeko la kundi la mafunzo ya kawaida lilikuwa asilimia 11, na kitakwimu halikuwa la kutegemewa. Sisomi matokeo haya kama ruhusa ya kuacha hesabu. Nayasoma kama onyo kwamba darasa linalomfanya kijana asubiri maswali ya mwalimu halimwandai kwa fremu ambayo hakuna atakayemuuliza swali. Mpe kazi isiyo na jibu moja: mafundi watano wa mtaa mmoja wote wanatengeneza mageti ya nakshi ileile, wewe utauza nini? Mpe siku tatu, arudi na michoro na bei.

Kuhusu mahitaji, ugavi na mfumuko wa bei, mwanafunzi asivisome kama habari za nchi nyingine. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa bei kila mwezi. Darasa liwe na ubao mdogo wa bei pembeni: lita ya petroli, kipande cha skwea paipu, mita ya kitambaa cha sare, kilo ya unga wa ngano, nauli ya guta. Mwanafunzi mmoja kila wiki aende kuuliza madukani na kuandika. Baada ya miezi mitatu ubao huo utakuwa unazaa maswali wenyewe. Mafuta yalishuka, kwa nini guta halikushusha? Nyanya zimepanda mara mbili kwa mwezi mmoja, mpishi apandishe bei ya sahani, apunguze mchuzi, au abadilishe chakula? Kila jibu lina gharama yake, na mabishano hayo ndiyo uchumi.

Fildi nayo hupotezwa. Kijana hupelekwa kwenye karakana ya mtu, hufagia, hushika chuma, hurudi na barua yenye muhuri. Kabla hajaondoka apewe mambo ya kuchunguza. Hatamuuliza bosi wake anapata faida kiasi gani. Huo ni ukosefu wa adabu, na hatajibiwa. Lakini anaweza kuhesabu kimya siku ngapi kazi hukaa imekamilika bila kuchukuliwa na mteja, vipande vya mbao au vyuma vinavyotupwa kwa wiki, mara ngapi kazi imesimama kwa kukosa umeme au kifaa cha bei ndogo. Anaweza kusema kwa heshima, "Mzee, nifundishe unavyopiga makadirio," na mafundi wengi wakubwa hufurahi kuulizwa hivyo na kijana aliyewahi kazini. Atakaporudi chuoni, ripoti yake isijazwe historia ya karakana. Iwe na namba alizoziona na jambo moja ambalo angelibadilisha.

Mtihani pia una namna yake, na sioni aibu kuuzungumzia, kwa sababu cheti ndicho kinachofungua mlango wa ajira. Kosa kubwa la wanafunzi ni kusoma nota tena na tena mpaka zionekane za kawaida machoni. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilinganisha wanafunzi waliorudia kusoma habari na waliojipima kwa kuikumbuka bila kuitazama. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima waliwashinda. Basi funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka kuhusu gharama zisizobadilika, toa mfano wa karakana yako, ndipo ufungue na kusahihisha. Rudia baada ya siku chache. Kwa maswali ya hesabu, fanya ya miaka iliyopita bila kutazama majibu, na umweleze mwenzako kila hatua kwa Kiswahili cha kawaida hata kama nota ni za Kiingereza. Ukikwama kwenye kueleza, umepata mahali pa kusoma. Wapishi, waashi na mafundi umeme wachanganyike kwenye kundi moja la kusoma, kwani kila mmoja huleta mfano ambao mwingine hakuufikiria.

Mzazi ana sehemu yake, na ni fupi. Usimpe mwanao fedha ya matumizi kila anapopiga simu. Mpe ya mwezi na mwambie akuonyeshe hesabu. Akija likizo akakutengenezea meza, mlipe, na mdai stakabadhi.

Limebaki jambo la mkopo, ambalo nadhani lifundishwe mapema na kwa urefu, kwa sababu ndilo litakalomfikia kijana kabla ya mengine yote. Wakopeshaji wanaoitwa mtaani kausha damu hawaulizi vyeti. Tuseme anakopa 200,000 na kurudisha 260,000 baada ya mwezi. Asipoweza kurudisha yote, akawa analipa 60,000 za riba tu kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa 720,000 na bado anadaiwa 200,000 zilezile. Hesabu hii ifanywe darasani na kila mmoja kwa mkono wake. Ipo njia nyingine: halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi, asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi cha wahitimu watano wa karakana moja, wenye karatasi za gharama za kazi walizokwisha kuuza, kina cha kumwonyesha afisa maendeleo ya jamii.

Lakini hata mkopo usio na riba una tarehe. Kabla ya kutia saini, kikundi kichore mstari wa miezi sita: juu yake waandike siku vyuma vitakaponunuliwa, siku kazi ya kwanza itakapokabidhiwa, siku ambayo mteja amezoea kumalizia deni, na siku ya rejesho la kwanza. Rejesho likitangulia malipo ya mteja, waombe muda zaidi au wakope kiasi kidogo zaidi, na wayaseme hayo siku hiyohiyo, mbele ya afisa, fomu ikiwa bado haijasainiwa.